Solid Rock: nusu karne ya lebo iliyojengwa na mtu mmoja

Larry Norman alipoanzisha Solid Rock Records, kati ya mwaka 1974 na 1975, hakuwa amefikisha miaka 30, lakini alikuwa amekwisha kupita mikononi mwa kampuni mbili kubwa za santuri nchini Marekani. Capitol ilimchukua kisha ikamwacha. MGM nayo ikamchukua, na haikuchukua muda wakaachana. Hakuna aliyesema hajui kutunga wala kuimba. Tatizo lilikuwa rafu: muuza duka hakujua amweke wapi. Kwa watu wa roki alikuwa mlokole anayewaharibia starehe kwa habari za Yesu. Kwa walokole alikuwa muhuni mwenye nywele zilizovuka mabega. Lebo yake ilikusudiwa kumaliza ugomvi huo. Haikuumaliza. Hata hivyo, katika miaka mitano hivi ya uhai wake wa kwanza ilitoa santuri chache ambazo wapenzi wa muziki wa Kikristo bado wanazitafuta kwa bei ya juu, na ilikufa kwa sababu ambazo kila mwenye lebo ya injili, popote alipo, angefaa azijue.

Kisa kinaanzia San Jose, California, kwenye bendi iliyoitwa People!, na alama hiyo ya mshangao ilikuwa sehemu ya jina. Mwaka 1968 walirekodi upya wimbo wa bendi ya Kiingereza The Zombies, "I Love You", ukapanda hadi nafasi ya 14 kwenye chati ya Billboard. Norman, mmoja wa waimbaji wao wakuu, akajitoa hata kabla nderemo hazijapoa. Kwa nini? Yeye alisimulia kwamba Capitol walikataa jina alilotaka kuipa albamu yao, jina lililomtaja Yesu waziwazi. Wenzake walikuwa na habari nyingine: baadhi yao walikuwa wamejiunga na dini ya Scientology, na yeye hakukubali kuwafuata. Msomaji aizoee hali hii mapema. Katika maisha ya Norman karibu kila tukio lina masimulizi mawili, na lililo tamu zaidi kwa kawaida ni lake.

Capitol hawakumtupa moja kwa moja. Walimrudisha kama mtunzi, na akiwa Hollywood alikuwa akishinda barabarani, akizungumza na vijana waliokimbia makwao, makahaba na watumia dawa za kulevya kuhusu wokovu. Mwishoni mwa 1969 kampuni hiyo hiyo, iliyokuwa ikiuza Beatles na Beach Boys nchini Marekani, ikatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, Upon This Rock. Jina lake limetoka kwenye maneno aliyoambiwa Petro katika Mathayo 16, kwamba juu ya mwamba huu kanisa litajengwa, na kijana yeyote wa wakati ule alielewa kwamba mwamba huo ulikuwa pia muziki wa roki.

Vitabu vingi vinaitaja kuwa albamu ya kwanza ya roki ya Kikristo. Wabishi hawakosekani. Uingereza, Jeshi la Wokovu lilikuwa na kikundi chake cha magitaa, Joystrings, tangu 1964. Mwaka 1966 bendi iitwayo The Crusaders ilitoa kupitia Tower, kampuni tanzu ya hiyo hiyo Capitol, santuri nzima ya kumsifu Mungu kwa ngoma na gitaa. Kwa hiyo habari ya "wa kwanza" ina utata. Kilichoitofautisha Upon This Rock, kwa masikio yangu, ni lugha. Waliotangulia walichukua maneno ya kanisani wakayavalisha midundo ya mtaani. Norman aliandika kama walivyozungumza vijana wa barabarani, kwa kejeli, utani na hasira, halafu ghafla anatoa wimbo wa taratibu kama "I Wish We'd All Been Ready", unaosimulia siku ya unyakuo, mmoja akitwaliwa na mwenzake akiachwa. Wimbo huo uliingia katika vitabu vya nyimbo vya vijana na katika filamu ya 1972, A Thief in the Night, iliyowakosesha usingizi watoto wengi wa walokole wa Marekani.

Capitol waliangalia hesabu, hawakuona mauzo, wakamwacha. Haki za albamu zikahamia Impact, tawi la kampuni ya Kikristo ya Benson. Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo lingemwandama maisha yake yote: kazi iliyotungwa kwa ajili ya wasioamini ikawekwa kwenye maduka wanayoingia waamini tu.

Jaribio lake la kwanza la kujitegemea liligharamiwa na mtu ambaye hakuna aliyeweza kumdhania. Pat Boone, mwimbaji wa nyimbo laini, nadhifu, kipenzi cha akina mama, alimkopesha dola 3,000. Kwa fedha hizo Norman akaanzisha One Way Records mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina hilo lilikuwa usemi wa vuguvugu zima lililoitwa Watu wa Yesu, mahippi waliookoka waliokuwa wakibatizana baharini huko California, na ishara yake ilikuwa kidole kimoja kinachoelekezwa juu. Norman mwenyewe alidai ndiye aliyeianzisha jukwaani. One Way ilitoa Street Level, na ikatoa pia Born Twice, albamu ya kwanza ya kijana aliyeokoka nyumbani kwa Norman, Randy Stonehill. Born Twice iligharimu dola 800 hivi. Mtu akiisikiliza leo hahitaji kuambiwa bei.

Juni 1971 jarida la Time liliweka sura ya Yesu jaladani na kuandika kwa kirefu habari za vuguvugu hilo, likamtaja Norman kuwa huenda ndiye mwimbaji wa peke yake aliyekuwa juu ya wenzake wote katika uwanja huo. MGM wakamwita. Walimpeleka London, kwenye AIR, studio za George Martin, prodyuza wa Beatles, na Only Visiting This Planet ikatoka 1972 kwa nembo ya Verve, ile ile iliyokuwa ikitoa santuri za Ella Fitzgerald. Jaladani amesimama katikati ya Times Square, New York, mkono kichwani, kama mgeni aliyeteremshwa na basi asikokujua. Ndani ya santuri hiyo upo wimbo unaouliza kwa nini shetani aachiwe muziki wote mzuri. Swali lenyewe ni la kale, wahubiri wa Kiingereza walikuwa wakiliuliza tangu karne zilizopita, lakini safari hii liliulizwa kwa piano ya rokenrol, na Cliff Richard akaliimba tena mwaka 1978.

Albamu iliyofuata, So Long Ago the Garden ya 1973, ndiyo iliyomgombanisha na watu wa dini. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za mapenzi yaliyovunjika. Jina la Yesu lilisikika kwa nadra. Halafu jalada: Norman anaonekana kifua wazi, chini amekatwa kiunoni, na juu ya mwili wake imewekwa picha ya simba aliyelala majanini. Yeye alisema huyo ni Adamu katika bustani. Wenye maduka ya vitabu vya Kikristo waliona mtu uchi. Santuri zikarudishwa, fununu zikaenea kwamba ameacha imani.

Ndipo alipoamua kwamba safari hii nembo iwe yake. Solid Rock haikuwa kiwanda. Haikuwa na mashine za kufyatua santuri, wala maghala, wala mawakala wa mauzo. Norman alitafuta wasanii, akawaongoza studio, akapanga nyimbo na kusimamia majalada. Kazi ya kuchapa na kusambaza akaikabidhi Word, kampuni ya Waco, Texas, iliyoanzishwa na Jarrell McCracken mwaka 1951 na iliyokuwa mfalme wa soko la Kikristo. Word walikuwa na mtandao wa maduka ambao kijana wa Hollywood asingeweza kuujenga hata kwa miaka kumi. Tayari walikuwa wamejaribu muziki wa vijana kwa tawi lao la Myrrh, lililofunguliwa 1972 chini ya Billy Ray Hearn. Kuingia kwa Solid Rock kukawapa mtu mwenye jina.

Kwa Norman mapatano hayo yalikuwa na makali pande mbili. Alipata studio nzuri na uhuru ambao hakuupata MGM. Ila mteja wa Word alikuwa mama anayenunua Biblia na kadi za Pasaka. Kijana wa baa, ambaye Norman alikuwa akimtungia, hakanyagi duka hilo. Sidhani kama lebo hiyo iliwahi kuupata ufumbuzi wa jambo hili, na siamini kama lebo nyingine yoyote ya aina yake imeupata tangu hapo.

Kazi yake ya kwanza kubwa kwa nembo mpya ni In Another Land, ya 1976. Kwa hesabu ya Norman ilikuwa ya tatu katika kundi la albamu tatu: Only Visiting This Planet ilisimulia wakati uliopo, So Long Ago the Garden wakati uliopita, na hii ya tatu wakati ujao, yaani kurudi kwa Kristo na yatakayofuata. Ukiiweka kwenye gramafoni jambo la kwanza unaloliona ni kwamba haina mapumziko. Nyimbo zinaingiliana, moja haijafifia nyingine imeshika, na baadhi ni vipande vifupi tu, kama mtu anayepita chumba hadi chumba bila kufunga milango. Gitaa la Jon Linn linakwaruza katika "The Rock That Doesn't Roll", kisha dakika chache baadaye unabaki na sauti na ala chache tu. Katika "The Sun Began to Rain" piano inapigwa na Dudley Moore, mchekeshaji wa Kiingereza ambaye watu wanamkumbuka zaidi kwa filamu kuliko kwa vidole vyake, ingawa alikuwa mpiga jazi hodari. Katika "Shot Down" Norman anawajibu waliomzushia kwamba amerudi nyuma kiroho, tena anawajibu akicheka. Na katika "Song for a Small Circle of Friends" anawaandikia mastaa wa roki wa enzi yake kama mtu anayewaandikia marafiki, akiwaombea mema bila kuwahukumu.

Sauti yake si nzuri kwa kipimo cha kwaya. Ni nyembamba, inapanda puani, mara nyingine inakaribia kupasuka. Anaitumia kama mwigizaji anavyotumia uso. Nani mwingine, mwaka 1976, angeweza kuweka katika santuri moja ya kanisani wimbo wa vyombo vya angani, wimbo wa mpinga Kristo na wimbo wa mahaba?

Baada yake ikaja Welcome to Paradise ya Randy Stonehill, mwaka huo huo wa 1976. Hapa ndipo uwezo wa Norman kama prodyuza unapoonekana kuliko hata kwenye kazi zake mwenyewe. Yule kijana wa santuri ya dola 800 sasa anasikika amezungukwa na magitaa yaliyopangwa kwa uangalifu, sauti za kuitikia zinazofika mahali pake, na nyimbo za upweke zinazoachwa zipumue. Katika orodha nyingi za albamu bora za Kikristo za muongo ule haikosi kutajwa, na haki yake. Mwaka 1977 wakafuata Tom Howard na View from the Bridge, na wawili walioitwa Pantano na Salsbury na Hit the Switch. Mwaka 1979 Mark Heard wa Georgia akatoa Appalachian Melody, albamu tulivu ya mtu ambaye baadaye angeheshimiwa na watunzi wenzake kuliko karibu wote waliopita Solid Rock, na aliyefariki mapema, mwaka 1992. Kwa kampuni iliyokuwa ikitoa santuri chache hivyo, uchaguzi huu wa wasanii ni wa kuonewa wivu.

Nje ya studio Norman alikuwa katikati ya mambo ambayo wakati ule yalionekana madogo. Kundi moja la kujifunza Biblia lilikuwa likikutana nyumbani kwake, jingine nyumbani kwa mwimbaji Chuck Girard. Mchungaji Kenn Gulliksen aliyaunganisha katikati ya miaka ya 1970, na hapo likazaliwa kanisa la Vineyard, ambalo leo lina matawi katika nchi nyingi. Ni watu wa Vineyard hao hao waliomfundisha Bob Dylan Biblia mwanzoni mwa 1979, mwaka aliotoa Slow Train Coming. Mwezi Septemba mwaka huo Norman akaimba katika uwanja wa Ikulu ya Marekani, mbele ya Rais Jimmy Carter, kwenye tamasha la nyimbo za injili.

Wapinzani hawakunyamaza. Mhubiri Bob Larson alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1967 kwamba roki ni mtego wa shetani, na vitabu vya namna hiyo viliendelea kuuzwa kwenye maduka yale yale yaliyouza santuri za Word, pengine rafu moja juu ya nyingine. Waliowahi kusikia wazee wa kanisa Dar es Salaam au Nairobi wakizozana kama gitaa la umeme liingie ibadani hawatashangazwa na hoja za upande wowote. Zinafanana mno.

Lakini si wapinzani walioiua Solid Rock. Iliuawa na mpangilio wake. Msanii aliyesaini alisaini na Norman; aliyeamua wimbo upi ubaki alikuwa Norman; aliyechanganya sauti alikuwa Norman; na santuri haikwenda Waco mpaka Norman aseme imekamilika. Mtu huyo huyo alikuwa safarini Ulaya na Australia, akijaza kumbi hadi Royal Albert Hall ya London, na bado ana albamu zake mwenyewe za kumalizia. Mwaka 1978, kwa maelezo yake, kipande cha dari ya ndege kilimwangukia kichwani, na tangu siku hiyo, alisema, hakuweza tena kumaliza kazi kama zamani. Waliokuwa karibu naye hawakukubaliana kuhusu uzito wa jeraha hilo. Kwamba kazi zilianza kulala, hilo halina ubishi.

Mfano unaouma zaidi ni wa Daniel Amos. Bendi hii ilianza na muziki wa kantri, kisha ikageuka na kurekodi albamu ya roki kali, yenye dhihaka, Horrendous Disc, ambayo ingetolewa na Solid Rock. Ilikamilika kabla miaka ya 1970 haijaisha. Ikakaa. Bendi ikazunguka ikiimba nyimbo ambazo wasikilizaji hawawezi kuzinunua. Norman alikuja kuitoa mwaka 1981, karibu wakati ule ule ambapo Daniel Amos, waliokwisha kuchoka kusubiri, walikuwa wakitoa Alarma! kwa kampuni nyingine, ikiwa na sauti tofauti kabisa. Wanunuzi walikuta dukani albamu mbili mpya za bendi moja, na moja ilikuwa imezeeka kabla ya kuzaliwa. Albamu ya Norman mwenyewe ya bluzi, Something New Under the Sun, iliyorekodiwa 1977, nayo haikutoka mpaka 1981.

Kufikia 1980 wasanii walikuwa wamechoka. Philip Mangano, aliyekuwa mshirika wa Norman katika shughuli za kusimamia wasanii, akatengana naye. Miongo miwili baadaye mtu huyo angeongoza juhudi za serikali ya Marekani za kupambana na tatizo la watu wasio na makazi. Stonehill naye akaondoka na kuendelea Myrrh, na urafiki uliozaa Welcome to Paradise ukavunjika kwa uchungu ambao kila upande uliusimulia kwa namna yake. Filamu ya habari ya 2009 iliyotengenezwa na David Di Sabatino iliwapa nafasi walioumizwa. Wasifu ulioandikwa na Gregory Thornbury mwaka 2018, kwa kutumia nyaraka za Norman, ulimtetea kwa mengi. Nimevutwa na vyote viwili. Naona kwamba hata bila ubaya wa mtu yeyote lebo ile isingeweza kudumu, maana hapakuwa na mkurugenzi, mhasibu wala prodyuza wa pili ambaye angeweza kusema "hii imetosha, ipeleke kiwandani".

Norman akahamia Uingereza kwa muda, na pamoja na baba yake, ambaye zamani alimkataza kijana wake kusikiliza redio, akaanzisha Phydeaux, lebo ya kuuza kwa njia ya posta rekodi za majukwaani na mabaki ya studio. Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ya afya mbaya, hasa moyo, na ya matoleo mengi mno ya nyimbo zile zile. Mkusanyaji anayetaka kujua ni toleo lipi la In Another Land analo mkononi ana kazi ya siku nzima. Hata hivyo wasikilizaji wapya walijitokeza pasipotarajiwa. Charles Thompson, anayejulikana kama Black Francis wa bendi ya Pixies, alimsikiliza Norman tangu utotoni, na santuri ya kwanza ya Pixies, Come On Pilgrim ya 1987, ilipata jina lake kutoka kwenye maneno ya Norman. Mwaka 2005, katika tamasha la kuaga huko Salem, Oregon, Thompson alipanda jukwaani kuimba naye.

Mwaka 2001 Norman aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Injili, pamoja na Elvis Presley. Alifariki Salem tarehe 24 Februari 2008, akiwa na miaka 60. Miaka sita baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza rekodi zilizochaguliwa kuhifadhiwa kwa umuhimu wake katika utamaduni wa nchi, na miongoni mwazo ilikuwamo Only Visiting This Planet, albamu ya kwanza ya roki ya Kikristo kupata nafasi hiyo. In Another Land, ambayo ndiyo iliyobeba nembo yake mwenyewe, haikuwamo. Jina la Solid Rock limebaki mikononi mwa familia yake, akiwamo mdogo wake Charles, mpiga gitaa, na limeendelea kutumika kuchapisha upya kazi za zamani na kutoa rekodi kutoka kwenye kanda alizoziacha, ambazo ni nyingi.